Lwanda Magere na wachoraji wa kivuli

Mjaluo wa Kano, Kenya, akifika Kisoko, Tororo, nchini Uganda, akasimulia kisa cha Lwanda Magere kwa lugha yake, Wapadhola watamfuata vizuri. Ni ndugu. Profesa Bethwell Ogot, katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu historia ya Waluo wa kusini, aliandika kwa kirefu habari za Wapadhola na nduguzo waliokwenda Nyanza. Mpaka wa Busia uliowatenganisha ulikuja baadaye sana.

Kisa chenyewe kinatisha. Lwanda alikuwa shujaa ambaye mkuki haukumwingia, maana mwili wake ulikuwa jiwe. Wanandi, ambao Wajaluo waliwaita Lang'o, walipochoka kushindwa wakamwoza binti yao. Siku moja Lwanda akaugua, akamwomba mkewe amchanje, ampake dawa. Wembe ukagoma. Ndipo akamwambia achanje kivuli. Akachanja, damu ikatoka. Mke akatorokea kwao na siri hiyo, na katika vita vilivyofuata mkuki ulichoma kivuli. Lwanda akaanguka, akageuka jiwe.

Miaka ya 1980 kisa hicho kiliingia kwenye katuni jijini Nairobi. Terry Hirst, msanii Mwingereza aliyehamia Kenya miaka ya 1960 na kuanzisha jarida la Joe pamoja na Hilary Ng'weno mwaka 1973, alitoa mfululizo wa vitabu vya Pichadithi. Humo walikuwamo Lwanda Magere, Abunuwasi na wengine wa ngano zetu. Nairobi hiyohiyo ndiko alikofanyia kazi Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana, aliyebuni Akokhan, hadithi ndefu ya uchawi na mashujaa.

Marekani walikuwa wametangulia. Albert Kanter alianza mwaka 1941 kugeuza vitabu mashuhuri kuwa katuni, na Frankenstein ikatoka mwaka 1945. Mwaka 1954 wachapishaji wa katuni wakajiwekea kanuni zilizopiga marufuku wanyonya damu na wafu wanaotembea. Zilipolegezwa mwaka 1971, Dracula aliruhusiwa kurudi kwa kuwa ametoka katika fasihi yenye heshima. Mazimwi wetu hawakuhitaji kibali hicho. Bibi zetu waliwasimulia watoto wadogo kabla ya kulala, na hakuna aliyeona kuwa ni fasihi duni.

Ninachowaheshimia wachoraji ni ugumu wa kazi yao. Msimulizi hakitaji kivuli mpaka wembe ugome, na hapo ndipo msikilizaji anaposhtuka. Mchoraji hana nafasi hiyo. Akimchora Lwanda juani tangu ukurasa wa kwanza bila kivuli, msomaji mwerevu atauliza. Akikichora kikubwa mno, ameshaitoa siri. Inabidi akiache kilale miguuni mwa shujaa kama vivuli vya watu wengine, kurasa nyingi, hadi damu itoke humo.

Jukwaani taa huleta tatizo hilohilo, na aliyelikabili ni mtu wa mpakani: Okoiti Omtatah, Mteso wa Busia aliyechaguliwa seneta wa kaunti hiyo mwaka 2022. Tamthilia yake ya Lwanda Magere ilichapishwa mwaka 1991. Kwamba Mteso alimchukua shujaa wa Wajaluo na kumtendea haki kunanifurahisha sana.

Natamani mchapishaji mmoja amrudishe Lwanda kwenye katuni, na safari hii maneno yaandikwe kwa Kipadhola, vitabu vipelekwe shule za Kisoko.