Harufu ya Karafuu na Swali la Pafu

Ndani ya ua la bangi mna kemikali yenye jina la karafuu. Wanakemia huiita kariofileni, kutokana na Caryophyllus, jina la Kilatini ambalo wataalamu wa mimea wa zamani waliupa mkarafuu. Imo kwenye mafuta ya karafuu, imo kwenye pilipili manga, na apikaye pilau huinusa viungo vikishaanza kukaangwa. Ndugu zake nao ni wa jikoni: limoneni iko kwenye ganda la chungwa, linaloli kwenye mrehani, mirseni kwenye mchaichai. Jamii hiyo yote huitwa terpini, nayo ndiyo inayoifanya bangi moja inukie ndimu na nyingine inukie msonobari.

Udugu huo uligeuka kuwa hoja ya biashara. Wapiga kura wa Colorado na Washington waliporuhusu bangi mwaka 2012, na Kanada ilipoihalalisha nchi nzima Oktoba 2018, lilikua soko la mafuta ya bangi yanayopashwa moto kwa kifaa cha betri na kuvutwa kama moshi. Mafuta hayo yakikamuliwa na kusafishwa hupoteza harufu, kwa hiyo watengenezaji waliirudisha kwa terpini na ladha za matunda, zilezile zinazotumika kwenye peremende na soda. Mteja aliyetaka kujua usalama wake aliambiwa kwamba ladha hizo ni za kiwango cha chakula. Jibu lilikuwa la kweli. Ila kiwango cha chakula kiliwekwa kwa ajili ya mdomo na tumbo, na historia yake inaonyesha hivyo tangu mwanzo.

Biashara ya ladha za maabara ilianza na vanila. Mwaka 1874 Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walifaulu kutengeneza vanilini, kiini cha harufu ya vanila, kwa kutumia utomvu wa msonobari, na Haarmann akafungua kiwanda mjini Holzminden. Baadaye viwanda viligundua njia ya kuipata kutokana na yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Enzi hizo Unguja na Pemba ndizo zilizoongoza duniani kwa zao hilo, na Pemba bado kuna kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Hivyo mafuta ya karafuu yaliweza kufika Ulaya yakaliwa kama vanila.

Kama ladha hizo zina madhara, karibu hakuna aliyeuliza. Harvey Wiley, mkemia mkuu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, alianza mwaka 1902 kuwalisha vijana 12 waliojitolea chakula chenye boraksi na kemikali nyingine za kuhifadhia, ili aone zitawadhuru vipi. Kazi yake ilisaidia kupatikana kwa sheria ya vyakula ya mwaka 1906, lakini ladha ziliendelea kuuzwa kwa mazoea. Kumarini, iliyochanganywa miaka mingi kwenye vanila ya bandia, iliondolewa sokoni mwaka 1954 baada ya kuonekana ikiharibu ini la wanyama wa maabara. Safroli, iliyokuwa ikikoleza soda ya mizizi wanayoipenda Wamarekani, ilifuata mwaka 1960 kwa kuwa ilileta saratani ya ini kwa panya. Zote mbili watoto walikuwa wamezila na kuzinywa kwa vizazi.

Septemba 1958 Marekani ilibadilisha sheria. Kiongezwa kipya cha chakula kilitakiwa kuthibitishwa kabla ya kuuzwa, na kifungu kilichobeba jina la mbunge James Delaney kilikataza kuidhinisha chochote kinachosababisha saratani kwa binadamu au mnyama. Lakini uliachwa mlango wa pembeni: vitu ambavyo wataalamu wanavitambua kwa jumla kuwa salama havikuhitaji kibali cha serikali. Chama cha watengenezaji wa ladha, FEMA, kiliundwa mwaka 1909, na sasa kikaingilia mlango huo. Mwaka 1960 kiliteua jopo la wataalamu, na mwaka 1965 jopo likatoa orodha yenye ladha zaidi ya 1,000. Kila ladha ilipewa nambari yake: yujenoli 2467, vanilini 3107, na diasetili, inayoipa siagi harufu yake, 2370.

Inafaa kulaumu kwamba sekta ilijiteulia waamuzi wake yenyewe. Hata hivyo kazi yao ilikuwa na msingi. Ladha hutumiwa kwa vipimo vidogo mno, na maelfu ya kemikali yasingeweza kupimwa moja moja kwa wanyama. Mwaka 1978 watafiti wakiongozwa na Cramer walitunga maswali 33 ya ndiyo au hapana kuhusu umbo la kemikali na inavyovunjwa mwilini. Majibu yanaiweka kwenye moja ya madaraja matatu. Baadaye kamati ya pamoja ya FAO na Shirika la Afya Duniani ilitumia madaraja hayo na vikomo vya mikrogramu 1,800, 540 na 90 kwa mtu kwa siku. Ni chombo cha busara kwa kinachomezwa, kwa sababu kinachomezwa hupitia kwanza kwenye ini, na ini hukivunja. Kinachovutwa hakipiti huko. Kinakutana papo hapo na utando laini wa njia za hewa, na katika maswali yale 33 hakuna hata moja linalouliza kuhusu pumzi.

Karafuu ilikuwa imekwisha kutoa onyo. Kwa miongo mingi Indonesia ilinunua karafuu ya Zanzibar kwa wingi, si ya mchuzi bali ya kreteki, sigara ya tumbaku iliyochanganywa na karafuu, ambayo jina lake linaiga mlio wake ikiungua. Yujenoli hutia ganzi. Ndiyo maana mwenye jino bovu hupakwa mafuta ya karafuu. Koo lililokufa ganzi humruhusu mvutaji kuvuta moshi kwa kina zaidi. Mwaka 1985 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kiliripoti wagonjwa walioumia mapafu baada ya kuvuta sigara hizo, na mwaka 2009 nchi hiyo ikapiga marufuku sigara zenye ladha ya karafuu. Mentholi iliachwa. Indonesia ilishtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani kwamba huo ni ubaguzi, na mwaka 2012 ikashinda.

Onyo kubwa lilitoka kiwanda cha bisi. Mwezi Mei 2000 daktari mmoja aliiarifu idara ya afya ya Missouri kwamba watu wanane waliowahi kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha bisi za mikrowevu, katika mji mdogo wa Jasper, wana ugonjwa adimu: vijia vidogo kabisa vya hewa mapafuni vilikuwa vimejaa makovu na kuziba, na makovu hayo hayarudi nyuma. Wengine walikuwa wamekwisha kuandikishwa kungoja kupandikizwa mapafu. Wachunguzi wa NIOSH, taasisi ya taifa ya usalama na afya kazini, walipoingia walikuta mafuta ya soya yakipashwa moto ndani ya tangi, na mfanyakazi akimimina ladha ya siagi kwa mkono. Mvuke uliopanda ulikuwa umejaa diasetili. Kati ya wafanyakazi waliopimwa, kuziba kwa njia za hewa kulikuwa mara 3.3 zaidi ya ilivyotarajiwa. Panya waliovutishwa mvuke huo nao waliharibika njia za hewa.

Diasetili hiyo ilikuwa na nambari yake kwenye orodha ya FEMA, 2370. Nayo haikudanganya kuhusu bisi zilizoliwa mezani. Mwaka 2016 NIOSH ilipendekeza kikomo cha hewa ya kazini: sehemu 5 za diasetili katika bilioni moja.

Kisha ikaja zamu ya bangi. Majira ya joto ya mwaka 2019 hospitali za Wisconsin na Illinois zilianza kupokea vijana wasioweza kupumua. Hadi Februari 2020 CDC ilikuwa imehesabu wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufariki, na vifo 68 vilivyothibitishwa. Wengi walikuwa wamevuta mafuta ya bangi, na wengi waliyapata nje ya maduka halali. Wagonjwa 51 walipooshwa mapafu kwa uchunguzi, 48 walikutwa na asetati ya vitamini E, iliyochanganywa ili kuyafanya mafuta yaonekane mazito. Si ladha, lakini kisa ni kilekile: ni kitu ambacho watu humeza kwenye vidonge na kujipaka ngozini bila shida.

Terpini zenyewe nazo zilikuwa zimeanza kuhojiwa. Mwaka 2017 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Portland State walizipasha moto kama wafanyavyo wavutaji wa bangi iliyokolezwa, kwa nyuzi zaidi ya 300, wakapata methakroleni na benzeni, na benzeni husababisha saratani ya damu. Oktoba 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliondoa mirseni ya kiwandani kwenye ladha zilizoruhusiwa, kwa nguvu ya kifungu cha Delaney. Ilisema wazi kwamba haioni hatari kwa walaji, na mirseni ya asili, ile ya mchaichai, haikuguswa.

FEMA yenyewe imetamka kwamba orodha yake haihusu sigara za kielektroniki wala kitu chochote cha kuvutwa. Tamko hilo lingestahili kuchapishwa kwenye kila chupa ya terpini. Colorado ilipiga marufuku asetati ya vitamini E kwenye mafuta ya kuvuta kuanzia Januari 2020. Kanada, mwezi Juni 2021, ilipendekeza kuondoa kwenye mafuta hayo kila ladha isipokuwa ile ya bangi yenyewe. Kwa pendekezo hilo embe na stroberi zingetoka, kariofileni ingebaki. Na ikifika kwenye waya wa moto, iwe ilikamuliwa kwenye bangi au kwenye makonyo ya Pemba, ni kemikali ileile.