Mgombea Asiye na Chama

Je, mtu aliyekataliwa na chama aweza kuchaguliwa na wananchi? Mbulu, wilaya inayopakana na Singida, ilijibu mwaka 1960. Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyenyimwa uteuzi, alisimama kuwa mgombea binafsi, akamshinda Chifu Amri Dodo aliyeteuliwa na chama. Katika viti 71, hicho tu ndicho kilichoiponyoka TANU.

Walakini tangu mwaka 1965 sheria imemtaka kila mgombea awe mwanachama wa chama. Hata Tundu Lissu, alipokishinda chama tawala Singida Mashariki mwaka 2010, alisimama kwa tiketi ya CHADEMA. Basi njia aliyoipita Sarwatt imezibwa: wananchi huchagua, lakini miongoni mwa walioteuliwa na vyama tu.