Nyota ya Jaha: Je, ni Tafsiri ya Kiingereza?

Aghalabu wanafunzi wetu, wanapotakiwa kutoa mifano ya semi zilizotafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, huutaja usemi "kuzaliwa na nyota ya jaha". Hoja yao ni kwamba Waingereza humwambia mwenye bahati kuwa amezaliwa chini ya nyota njema. Waswahili nao wana nyota. Basi Waswahili ndio waliokopa. Mwandishi wa makala haya aliwahi kufundisha hivyo mwenyewe. Sasa anaipinga hoja hiyo, kwa ushahidi wa msamiati wa Mji wa Kale wa Mombasa.

Tuanze na maneno yanayouzunguka usemi wenyewe. Sudi, yaani bahati njema, linatokana na mzizi wa Kiarabu uliotupa pia jina la Masudi. Mzizi huo ulitumiwa sana katika elimu ya falaki: wanajimu wa Kiarabu waliihesabu sayari ya Mushtarii kuwa sudi kubwa, na Zuhali kuwa nuhusi kubwa. (Wako wanaolinasibisha neno nuksi na nuhusi hiyo, na wako wanaolirejesha kwenye neno jingine la Kiarabu lenye maana ya upungufu, mjadala huo hauathiri hoja yetu.) Jaha nalo, lenye maana ya cheo na heshima, limetoka katika Kiarabu. Hakuna hata moja lililopitia Uingereza, ambayo himaya yake Afrika Mashariki ilitangazwa mwaka 1895. Mfasiri wa Kiingereza angetuletea "nyota ya bahati", na kwa hakika msemo huo upo, hasa katika safu za utabiri magazetini. Huo ndio unaostahili kushukiwa.

Kufanana kwa lugha hizi mbili kuna sababu ya kihistoria. Kitabu cha unajimu cha Ptolemy wa Iskandaria, cha karne ya 2, kilisomwa kwa Kiarabu kabla ya kufasiriwa kutoka lugha hiyo hadi Kilatini mwaka 1138. Ulaya na pwani yetu zilichota katika kisima kimoja. Tena Waswahili hawakutegemea nyota pekee: Steere, katika kitabu chake cha 1870, alikwisha kuonyesha kuwa ndege ni pia ishara ya heri au ya shari.

Lakini ushahidi mzito zaidi umo katika matumizi ya kila siku. Nyota ya Mwingereza humfaa mwenyewe: ameshinda, amenusurika, basi. Kibokoni au Kuze, mtu kuwa na nyota ni kupendwa na watu. Duka lake hujaa, neno lake husikilizwa. Nyota hiyo huweza kufifia, kuchafuliwa na hasidi, na kusafishwa. Wachumba huambiwa kuwa nyota zao haziwiani, baada ya herufi za majina yao na ya mama zao kuhesabiwa kwa abjadi. Siku pia zina nyota zake, na wazee wengi waliiona Jumatano ya mwisho ya Mfunguo Tano kuwa siku ya nuhusi. Maana zote hizi haziwezi kuzaliwa na tafsiri ya usemi mmoja wa kigeni.

Si kwamba elimu hii ilipokewa bila upinzani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyeanzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alipambana na uzushi katika dini, na wanazuoni wengi baada yake wamewakanya watu dhidi ya ramli na utabiri wa nyota. Makanyo hayo yamepunguza wateja wa waganga, usemi hayakuugusa. Bibi anayemkataza mjukuu wake kwenda kupigiwa ramli ndiye huyo huyo atakayesema, akimtazama bi harusi anavyozungukwa na watu, kwamba mwana huyu ana nyota.