Shahidi Aliyebaki: Imani, Haki na Lugha katika Historia ya Arua na Koboko

Neno shahidi katika Kiswahili hubeba maana mbili ambazo lugha nyingine huzitenga. Shahidi ni mtu aliyeona jambo na akasimama kulieleza. Shahidi pia ni mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Ndiyo maana Wakatoliki wanaosali kwa Kiswahili huwaita Mashahidi wa Uganda wale waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga kati ya 1885 na 1887. Makala haya yanadai kwamba historia ya Uganda baada ya uhuru imeienzi maana ya pili na kuipuuza ya kwanza, na kwamba hakuna mahali ambapo upungufu huo unaonekana wazi kuliko West Nile.

Tuanze na tukio linalojulikana. Usiku wa tarehe 5 Februari 1977, askari waliivamia nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum wakidai kutafuta silaha. Siku chache baadaye maaskofu wa Kianglikana walimwandikia Rais Idi Amin barua ya pamoja. Walilalamika kwamba bunduki iliyokusudiwa kumlinda raia sasa ilikuwa ikimwelekea raia huyohuyo. Tarehe 16 Februari Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, na serikali ikatangaza kuwa wamekufa katika ajali ya gari. Tangu 2015 siku hiyo ni sikukuu ya taifa, na sanamu ya Luwum imesimama katika ukuta wa Westminster Abbey, London, tangu 1998. Heshima hiyo anaistahili kikamilifu.

Ila barua ile ilikuwa na saini nyingine pia. Miongoni mwa waliotia saini alikuwamo Silvanus Wani, ambaye tangu 1969 alikuwa askofu wa Dayosisi ya Madi na West Nile, yenye makao yake Mvara, Arua. Wani alikuwa Mkakwa. Kwa msomaji asiyeifahamu jiografia ya eneo hili, nchi ya Wakakwa upande wa Uganda kitovu chake ni Koboko, karibu na mahali inapokutana mipaka ya Uganda, Kongo na Sudani Kusini. Na Amin mwenyewe alijinasibisha na Koboko kwa upande wa baba yake. Kwa hiyo Luwum, Mwacholi kutoka Mucwini, alipoipinga serikali, wapinzani wake waliweza kusema kwamba huyo ni Mwacholi anayemtetea Obote. Hoja hiyo haikuweza kutumika dhidi ya Wani. Yeye alikuwa akiyakemea maovu ya mtu wa kwao.

Baada ya mauaji, Wani ndiye aliyechaguliwa kuwa Askofu Mkuu, akashika nafasi hiyo hadi 1983. Ni rahisi kuusoma uchaguzi huo kama tahadhari tu: kanisa lilijificha nyuma ya Mkakwa. Sioni kwamba usomaji huo unatosha. Mtu aliyekwisha kutia saini ile barua, na akaona yaliyompata aliyeongoza kuiandika, hakukikalia kile kiti bila kujua bei yake. Wasifu wa mashahidi waliokufa huandikwa kwa urahisi kwa sababu mwisho wao umekamilika. Aliyebaki hulazimika kuishi na waumini wenye hofu, na dola inayomtazama, na maswali ya wale wanaouliza kwa nini yeye yu hai.

Kisha upepo ukageuka. Amin alipoondolewa Aprili 1979, watu wa West Nile walihukumiwa kwa jumla kana kwamba kila Mlugbara, Mkakwa na Muaringa alikuwa askari wake. Oktoba 1980 wapiganaji waliokuwa wanajeshi wa Amin waliingia kutoka Zaire na Sudani, na jeshi jipya, UNLA, likalipiza kisasi kwa raia. Watu wengi walivuka mipaka wakawa wakimbizi. Waliobaki karibu na mji wa Arua walikimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, ambako Shirika la Msalaba Mwekundu lilikuwa likitoa huduma. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa UNLA waliishambulia misheni hiyo na kuua raia. Idadi inayotajwa mara nyingi inakaribia mia moja. Katika kalenda ya kanisa siku hiyo ni sikukuu ya Yohane Mbatizaji, mtu aliyekatwa kichwa kwa kumwambia mtawala ukweli. Ombaci haina sikukuu ya taifa.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia, na naomba wenzangu wapenzi wa Kiswahili wanivumilie. Tangu enzi za King's African Rifles, iliyoandikisha vijana wengi wa West Nile, Kiswahili nchini Uganda kilikuwa lugha ya kambi. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Waliomwondoa, wakiwamo wanajeshi wa Tanzania, walizungumza Kiswahili. UNLA nayo ilitoa amri kwa Kiswahili. Kwa hiyo yapo masikio yaliyoisikia lugha hii ikitoka kwa mtu mwenye bunduki kabla ya kuisikia darasani au kanisani. Wakati huohuo ni lugha ya soko la Koboko, ya madereva wa mpakani, na ya Wanubi pamoja na Kinubi chao.

Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilihimiza utekelezaji wake. Mwaka 2019 lilikuwa limepitisha Sera ya Taifa ya Haki ya Mpito, ambayo kiini chake ni kuwasikiliza waathirika. Sera hizi mbili hushughulikiwa na ofisi tofauti, na sijaona sababu ya kitaaluma ya kuziacha zisizungumze. Manusura wa Ombaci sasa ni wazee. Ushuhuda wao uchukuliwe kwa Kilugbara, Kikakwa, Kiaringa au Kinubi, kwa chaguo la msemaji, kisha utafsiriwe kwa Kiswahili na watu wa West Nile wenyewe, si kwa njia ya Kiingereza. Makatekista na wazee wa misikiti, ambao kwa miaka mingi wamefanya ukalimani bila malipo kila Ijumaa na Jumapili, ndio wa kuanza nao.