Wagombea wa Kiti Kisichokuwapo

Msomaji mwenzangu, mimi nilikuwa mtu wa wafalme. Usicheke. Pale kijiweni kwetu, kila kampeni zikianza, nilitoa hoja yangu ileile: mwanasiasa anaingia na njaa na muda wake ni mfupi, kwa hiyo anakula haraka haraka. Mfalme je? Huyo amezaliwa ameshiba. Hana haja ya kuiba, wala ya kugawa pesa ili apendwe. Kadi ya kura nilikuwa nayo, lakini uchaguzi uliopita ilishinda ndani ya droo, na mimi nikashinda kitandani.

Kilichonitikisa ni kaburi. Nilikwenda Nyeri kumwona shosho, tukapita karibu na kanisa walimozikwa Waitaliano waliokufa wakati wa Vita Kuu ya Pili. "Humo kuna mtu wa jamaa ya mfalme," shosho akaniambia. "Alitoka kwao mbali, akaja kufia kwetu." Nikadhani ni hadithi za wazee. Kumbe wapi! Ni Mwanamfalme Amedeo wa Aosta, aliyetawala Ethiopia na nchi jirani kwa niaba ya mfalme wa Italia, binamu yake. Alisalimu amri mbele ya Waingereza kule Amba Alagi mwezi Mei 1941, akaletwa Kenya akiwa mfungwa wa vita, akafa Nairobi tarehe 3 Machi 1942. Wengi humsifu kuwa alikuwa muungwana. Sawa, labda alikuwa. Lakini uungwana wake haukubadilisha kazi aliyotumwa, yaani kukalia nchi ya watu iliyonyang'anywa kwa mabomu na gesi ya sumu.

Niliporudi mjini nikaanza kusoma habari za ukoo huo, ukoo wa Savoia. Nilitafuta sifa za wafalme, nikakuta mengine.

Binamu huyo, Vittorio Emanuele wa Tatu, alikalia kiti tangu mwaka 1900. Mwaka 1922 watu wa Mussolini walipoandamana kuelekea Roma, mfalme alikuwa na jeshi. Mawaziri wake wakamletea amri ya hali ya hatari aitie sahihi. Akakataa, kisha akampa Mussolini serikali. Mwaka 1938 akatia sahihi sheria za kuwabagua Wayahudi. Halafu tarehe 9 Septemba 1943, Wajerumani walipokuwa wanaikaribia Roma, akatoroka alfajiri kuelekea kusini na kuliacha jeshi lake bila maagizo ya maana. Huyo ndiye mfalme aliyezaliwa ameshiba! Ikawa kwamba shibe haimpi mtu ujasiri.

Mei 1946, kwa kutaka kuuokoa ufalme, akamwachia kiti mwanawe Umberto. Tarehe 2 na 3 Juni Waitaliano wakaulizwa: mnataka ufalme au jamhuri? Kwa mara ya kwanza wanawake nao walipiga kura ya nchi nzima. Jamhuri ikapata kura 12,717,923, ufalme 10,719,284. Umberto, ambaye watu walimwita Mfalme wa Mei kwa ufupi wa siku zake, akaondoka tarehe 13 Juni. Katiba iliyoanza kazi mwaka 1948 ikawapiga marufuku yeye na wanaume wa kizazi chake kukanyaga Italia.

Hapo nikasimama kidogo. Watu zaidi ya milioni kumi waliutaka ufalme, hata baada ya yote hayo! Kule Napoli karibu wanane katika kila kumi waliuchagua. Si wajinga hao. Nchi ilikuwa magofu, na mtu aliyebomolewa nyumba hushika nguzo yoyote iliyobaki. Niliwaelewa, kwa sababu na mimi kule kijiweni nilikuwa nashika nguzo. Sikuwa nampenda mfalme yeyote. Nilikuwa nimechoka na hawa tulionao, basi.

Sasa sikia kilichofuata, maana hapo ndipo utaona vituko. Umberto alikufa mwaka 1983 bila kurudi kwao. Kiti hakipo, lakini warithi wakawa wawili. Wa kwanza ni mwanawe, Vittorio Emanuele. Wa pili ni Amedeo mwingine, mtoto wa mdogo wake yule wa Nyeri. Baba yake huyu, Aimone, alitangazwa mfalme wa Kroatia mwaka 1941, na hadi anajiuzulu mwaka 1943 hakuwahi kukanyaga huko. Watu wa Amedeo walisema Vittorio Emanuele alipoteza haki yake alipomwoa Marina Doria, bingwa wa kuteleza juu ya maji, bila ruhusa ya baba yake. Watu wa Vittorio Emanuele walisema mtoto wa mfalme ni mtoto wa mfalme, mtake msitake.

Fahali wawili hawakai zizi moja, hata kama zizi lenyewe lilishavunjwa. Mei 2004 wote wawili walialikwa Madrid kwenye harusi ya Felipe, ambaye sasa ni mfalme wa Hispania. Magazeti ya Ulaya yakaandika kwamba Vittorio Emanuele alimtandika Amedeo ngumi usoni. Mbele ya wageni wa kifalme, jamani! Mwaka 2006 Amedeo akajitangaza mkuu wa ukoo. Mwaka 2007 Vittorio Emanuele na mwanawe wakaidai serikali ya Italia fidia ya mamilioni ya euro kwa miaka ya uhamishoni, ingawa marufuku ilishaondolewa mwaka 2002. Mwaka 2020 akabadili kanuni ya urithi ili mjukuu wake wa kike aweze kurithi. Upande wa pili ukagoma. Amedeo alikufa mwaka 2021, Vittorio Emanuele akafuata mwaka 2024. Ugomvi umebaki kwa watoto wao, Emanuele Filiberto na Aimone.

Hebu tazama vizuri. Katika mabishano hayo yote waliulizwa washauri, wanasheria, vitabu vya nasaba, na hata ngumi. Mwananchi wa Napoli hakuulizwa. Aliulizwa mara moja tu, mwaka 1946, na aliyemuuliza hakuwa mfalme bali sanduku la kura.

Na kama unadhani mfalme hawezi kurudi, muulize Simeon wa Bulgaria. Alikuwa mfalme akiwa na miaka sita, akaondolewa mwaka 1946. Mwaka 2001 alirudi kwao na chama chake, akashinda uchaguzi, akawa waziri mkuu. Mwaka 2005 wapiga kura wakampunguzia kura, na uwaziri mkuu ukaisha. Hapakuwa na risasi wala uhamisho. Mlango uliomwingiza ndio uliomtoa.

Hilo ndilo nililoliona nimechelewa. Sifa ya kura si kwamba inaleta watu wema. Hapana, wakora tunawaona kila siku. Sifa yake ni kwamba inaweza kuwatoa. Mussolini alidumu miaka zaidi ya ishirini, na mfalme aliyemwingiza akadumu arobaini na sita.

Juzi kijiweni jamaa mmoja kijana alianza ile hoja yangu ya zamani, neno kwa neno. Sikumcheka. Nilimwambia tu, ndugu yangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Akaniuliza, "Na hiki tunacholalia sisi, hakina kunguni?"

Wamo, tena wengi. Lakini hiki tunaweza kukitoa nje juani. Kadi yangu nimeitoa kwenye droo. Yako iko wapi?