Mtihani wa Kusoma na Mbinu Zake: Kutoka kwa Mkaguzi Hadi kwa Mashine

Mwaka 1862 serikali ya Uingereza ilianza kuzilipa shule za msingi kulingana na jinsi wanafunzi walivyofaulu mbele ya mkaguzi. Mtoto aliitwa, akafunguliwa kitabu, akasoma kwa sauti. Akishindwa, ruzuku ya shule ilikatwa shilingi 2 na peni 8. Akikwama katika kuandika au hesabu, makato yalikuwa hayo hayo kwa kila somo.

Walimu hawakukawia kupata dawa. Kitabu cha darasa kilijulikana mapema, hivyo watoto walikirudia mwaka mzima hadi wakakihifadhi. Siku ya mkaguzi macho yalikuwa kwenye ukurasa, lakini maneno yalitoka kichwani. Mshairi Matthew Arnold, aliyekuwa akila mkate wake kwa ukaguzi wa shule, alilalamika katika ripoti yake ya 1867 kwamba kwa maandalizi ya kijanja mtoto aliweza kuvuka mtihani huo bila kujua kusoma kwa kweli.

Mtihani wa kusoma kimya ulikuja baadaye, na mmoja wa waasisi wake ni Frederick J. Kelly wa Kansas, Marekani. Kilichomkera Kelly ni kwamba kazi ile ile ilipewa alama tofauti na walimu tofauti. Mwaka 1915 akatoa mtihani wa dakika 5 ambao kila swali lake lilikuwa na jibu moja tu lisilobishaniwa. Katika mfano mmoja, mtoto alipewa majina ya wanyama wanne, ng'ombe, simbamarara, panya na mbwa mwitu, akatakiwa kumzungushia mstari yule anayefaa shambani. Msahihishaji hakuwa na la kupima wala kukadiria: ni ng'ombe, au ni sifuri.

Jibu la namna hiyo lingeweza kusahihishwa hata na mashine. Mwaka 1938 kampuni ya IBM ilianza kuuza mashine iliyobuniwa na Reynold B. Johnson, mwalimu wa zamani wa sekondari, ambayo ilitambua alama za penseli kwa sababu grafiti ya penseli hupitisha umeme.

Mwaka huo huo kijana Stanley Kaplan alianza kufundisha tuisheni nyumbani kwao Brooklyn, New York. Kuanzia 1946 akawaandaa wanafunzi kwa SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani. Baada ya mtihani aliwaandalia karamu, na kila mmoja alitakiwa kumtajia swali alilolikumbuka. Ndivyo alivyoijua tabia ya watungaji.

Mbinu nyingine ilizaliwa na kanuni ya alama. Kwa miaka mingi SAT ilikuwa na majibu matano kwa swali, na kila kosa lilikatwa robo alama. Kubahatisha kijinga hakukulipa. Aliyeweza kuondoa jibu moja au mawili kwa uhakika ndiye aliyefaidika. Makato hayo yalipofutwa 2016, ushauri uligeuka: usiache swali lolote wazi. Utafiti uliochapishwa 1990 ulionyesha jambo la aibu zaidi, kwamba wanafunzi walioulizwa maswali ya ufahamu ya SAT bila kupewa kifungu walipata alama nyingi kuliko ambazo bahati tupu ingewapa.

Kenya nayo ina sura yake katika historia hii. Kuanzia 1985 hadi 2023 mamilioni ya watoto walifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Katika miaka yake ya mwisho, karatasi ya Kiswahili Lugha ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua: vifungu vyenye nafasi za kujazwa, kisha sarufi na msamiati, na mwishoni vifungu viwili vya ufahamu vyenye maswali kumi kumi. Njia ya kuacha nafasi katika kifungu ilipewa jina na Mmarekani Wilson Taylor mwaka 1953. Yeye aliitaka ipime kama maandishi yanasomeka, si kama mtoto anajua kusoma. Katika Kiswahili njia hiyo ina mlango wa nyuma. Penye nafasi kati ya “vitabu” na “vilipotea”, mtoto anayezijua ngeli atachagua “vyake” na kuacha “zake” na “yake”, hata kama hajui kifungu kinahusu nini.

SAT ya kompyuta iliyoanza kutumika Marekani 2024 imefupisha vifungu hadi maneno 25 mpaka 150, kila kimoja kikiwa na swali moja. Ule ushauri wa kale wa kupitia maswali yote kabla ya kusoma kifungu hauna kazi tena hapo. Kwa hiyo mtahiniwa, kabla hujanunua kitabu cha mbinu, tazama kilichapishwa lini na kwa mtihani upi, kisha soma kanuni za alama za mtihani wako mwenyewe. Muda unaobaki, soma magazeti na hadithi: swali linalomtaka mtu aseme mwandishi amekusudia nini halijapata mlango wa nyuma wa kutegemewa.