Ada ya Mganga, Mshahara wa Muuguzi

Mgonjwa humpima muuguzi moyo kabla muuguzi hajampima yeye presha. Humpima kwa salamu iliyoitikiwa nusu, kwa dripu iliyokwisha na kuachwa ikining'inia. Nimewahi kulazwa katika hospitali moja ya umma mkoani Tanga, na kilichonitia hofu kuliko ugonjwa wenyewe ni kuwaona walionihudumia wamekata tamaa. Usiku wodi nzima ilikuwa ya muuguzi mmoja. Huku akinitafuta mshipa alinieleza kwamba posho ya masaa ya ziada haijalipwa na kupandishwa daraja kumekwama. Mikono yake ilikuwa makini, lakini alizungumza kama mtu asiyetarajia kujibiwa. Swali langu likawa hili: mila zetu za tiba hapa pwani zilifanya nini ili moyo wa mponyaji usizime?

Kwa Wadigo, Wabondei na Wazigua, mganga hakuitwa mikono mitupu. Mkoba haukufunguliwa bila ada. Ngoma ya pepo ikipigwa, ndugu wa mgonjwa ndio waliompikia yeye na wapigaji wake, wakatafuta ubani, marashi na kaniki, wakakesha naye. Mgonjwa akipona, ada ikamaliziwa. Maonevu yalikuwepo, na wapo waganga waliozikamua familia mpaka mbuzi wa mwisho. Ila kila aliyekaa uani alijua mganga amekula nini na anadai nini, na mdaiwa alikuwa mtu mwenye jina, anayekutana naye kesho kisimani. Miaka ya 1990 shirika la Tanga AIDS Working Group liliwakutanisha waganga wa Pangani na madaktari, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zikiwa bado hazijawafikia wagonjwa wetu. Mazungumzo yale yalihusu mitishamba, na yalistahili kufanywa. Natamani yangehusu pia namna kijiji kinavyomtunza anayekitibu.

Mila ya pili ilikuja na Uislamu. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alianza kujenga mjini Cairo hospitali iliyoendeshwa kwa wakfu: mapato ya mali iliyofungwa kwa ajili yake yaligharimia chakula cha wagonjwa, dawa na mishahara ya watumishi. Karne nne kabla yake, tabibu Al-Ruhawi alikwisha kuandika kitabu kizima juu ya adabu za tabibu, na humo ametetea alipwe vya kutosha asihitaji kazi nyingine pembeni. Pwani yetu tunaijua wakfu kwa minazi ya msikiti: nazi zake ni mafuta ya taa, mikeka na riziki ya wanaohudumia. Kwenye tiba hatukuifikisha mbali, ingawa Unguja ilikuwapo zahanati ya Ithnasheri, jengo lililoanzishwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887, likaja kununuliwa na wengine na kufanywa zahanati ya hisani, daktari akikaa humo humo. Wakfu nazo huliwa na wasimamizi wake, historia imejaa kesi hizo. Wazo lake ndilo ninalolishika: anayetunza wagonjwa ametajwa katika hati tangu siku ya kwanza, pamoja na wagonjwa wenyewe.

Mila ya tatu ni ya wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliokaa Magila, karibu na Muheza, na kutibu bila mshahara, kwa posho ndogo na imani. Kutoka kwao na kwa wenzao tumerithi neno "wito", na kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, wauguzi wanaposhika mishumaa na kurudia kiapo, viongozi hulisema tena. Wengi wa wale wamisionari hawakuwa na watoto wa kulipia ada ya shule. Kumdai mama wa watoto watatu wito uleule, huku malimbikizo yake yakikaa miaka, ni dhuluma.

Dola ndiyo iliyokuja na mshahara wa mwezi, na mshahara ni haki iliyo bora kuliko hisani ya ndugu au tajiri. Lakini deni lilipohamia serikalini, mdaiwa hakuonekana tena. Muuguzi wa kituo cha afya ameajiriwa na halmashauri iliyo chini ya TAMISEMI, miongozo yake inatoka Wizara ya Afya, kibali cha ajira kinatoka Utumishi, fedha ziko Hazina. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwaondoa kazini watumishi 9,932, wakiwemo wa afya, na zamu zao zikaangukia mabega ya waliobaki. Mgonjwa naye hana njia ya kurudisha fadhila. Akimpa muuguzi kuku, inaweza kuitwa rushwa. Sanduku la maoni lipo ukutani kwa ajili ya kushtaki lugha mbaya, na sijaona fomu inayouliza kama aliyetoa lugha hiyo amelipwa.

Uchungu ukikosa pa kusemewa hupasuka. Mwaka 2012 madaktari wetu waligoma, na mwezi Juni kiongozi wao, Dk. Steven Ulimboka, akatekwa, akapigwa, akatupwa msituni. Kenya, madaktari waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 mpaka Machi 2017, wakidai mkataba uliosainiwa 2013. Waliokosa matibabu ni pamoja na Wadigo wenzetu wa Kwale. Kwetu, naona baada ya 2012 uchungu ulirudi wodini, ukakaa kimya karibu na kitanda.

Kamati za usimamizi wa vituo vya afya zina wawakilishi wa wananchi. Taarifa za dawa na mapato husomwa mbele yao. Zisomwe pia za watumishi: wauguzi ni wangapi kwa zamu, wanadai kiasi gani, tangu mwezi upi. Mgonjwa wa Pangani hatamlipa muuguzi ada, lakini akiwa na karatasi hiyo mkononi ataweza kumsimamisha diwani wake na kumuuliza deni la wodi namba fulani litalipwa lini.